Usihangaike na Pindo

"Aimbe tena," afisa alisema.

Mkalimani, mzee aliyevaa koti lililompwaya mabegani, akamgeukia binti. "Anasema uimbe tena, mwanangu. Wimbo wenu uleule. Ila sasa uimbe vizuri."

"Nimeimba vizuri, babu," Kimya akajibu.

"Basi zaidi ya vile."

Chumba hicho cha uwanja wa ndege kilikuwa kidogo: meza moja, viti vitatu, na taa nyeupe inayomfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Mlango ulikuwa umeachwa wazi. Nje yake, nyuma ya mstari wa njano uliopigwa sakafuni, Mama Kimya alikuwa amesimama ameukumbatia mkoba wake kama aliyeazimwa mtoto wa watu. Alikwisha kukaripiwa asivuke mstari. Hakuuvuka, aliukanyaga tu kwa ncha za viatu.

Binti akameza mate, akautazama ukuta, akaanza. "Mm, mm, twende. Mm, mm, twende." Sauti haikupanda wala haikushuka, kama ya mtu anayebembeleza kichanga huku akiwaza mambo yake. Kisha akanyamaza, akawa anagonga vidole pajani kwa maana pale ni zamu ya wengine, halafu akarudi: "Twende, twende, mm." Akaishia hapo.

Afisa kijana aliyeegemea ukuta akacheka kwa pua. Afisa mkubwa, mwanamke mwenye nywele fupi na macho yasiyopepesa, hakucheka. Aliandika kitu, na kalamu yake ilikwaruza karatasi hadi Mama Kimya akaisikia mlangoni.

Alijua mwanawe hajakosea hata uzi mmoja. Ile ndiyo sauti ya pili, ndivyo inavyokwenda. Lakini ikiwa peke yake ni mkono wa shati usio na shati. Atauelewa nani?

Kwaya yao ilikuwa kwaya ya mtaa, ya watu wanaofunga kazi zao jioni ndipo wakaimbe. Hakuna aliyejua kusoma muziki, hata mwalimu mwenyewe, ambaye mchana alikuwa kinyozi na jioni aligonga mapigo kwa chanuo juu ya dawati la shule ya msingi. Aliwafundisha kwa kona: sauti ya kwanza dirishani, ya pili mlangoni, ya tatu ubaoni, ya nne kule nyuma. Na alikuwa na sheria moja asiyoichekea: ni marufuku kuimba sauti ya jirani. "Ukiionja ya mwenzako," alisema, "yako utaitema." Aliyekamatwa alifagia darasa. Kimya hakuwahi kushika ufagio. Mtaani walimwita hivyo tangu utotoni kwa uchache wa maneno, na alipojiunga na kwaya watu walitaniana, "Kimya anaimba? Kesho tutasikia jiwe linapiga soga." Lakini mwalimu alimpenda kuliko wote, kwa kuwa ukimpa noti yake, anakaa nayo. Huwezi kumng'oa.

Sasa ameambiwa na serikali ya watu, "Imba kile unachoimba wewe kwenye kwaya," naye kwa ukweli wake wote akaimba hichohicho.

Mama Kimya akaona mambo yanaharibika. Akainua kidevu, akamkazia mwanawe macho, akaanza kuchezesha midomo bila sauti: Amkeni jirani, kumekucha. Amkeni jirani. Ile ya kwanza, mwanangu, imba ile inayobeba wimbo, wafurahi tutoke hapa. Kimya akamwona. Akakunja uso kidogo, akatikisa kichwa. Hapana, mama. Hiyo si yangu.

Afisa kijana naye alikuwa ameona. Akasema jambo kwa sauti kali, akaufuata mlango, akaufunga.

Mkalimani ndiye aliyetoka baadaye kumpa habari. "Mama, umemponza. Wanasema ulikuwa unamfundisha. Ndege iliyowaleta inarudi alasiri, atarudi nayo. Na pasi yake itagongwa muhuri mwekundu. Ukishagongwa ule, nchi hii basi, na za jirani nazo basi."

"Kwa kosa gani?"

"Kwamba si mwimbaji."

* * *

Wanakwaya wengine walikuwa wameketi kwenye viti vya chuma ukumbini, na sare zao alizozishona Mama Kimya mwenyewe: vitenge vya kahawia, na kwenye kola utepe wa rangi ya kila sauti. Nyeupe ya kwanza, bluu ya pili, kijani ya tatu, nyekundu ya nne. Tepe zilikuwa wazo lake. Mwalimu alipiga makofi alipoziona, akasema sasa hata kiziwi atajua nani anaimba nini.

Walikuwa wamealikwa na kwaya ya huku, watu wa mtaa kama wao, waimbe pamoja na walale majumbani mwao, waone wenzao wanavyoishi. Kimya alikuwa amejifunza salamu ya lugha yao kutoka kwenye simu. Aliirudia kila asubuhi akioga mpaka baba yake akaijua. Nauli yao wawili, mama na binti, ilitoka kwenye cherehani ya pili, ile ya miguu, iliyouzwa.

Mwenyekiti wa kwaya akamwendea Mama Kimya kwa hatua za haraka. Alikuwa mtu mnene mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na katika duka hilo Baba Kimya ndiye aliyeuza misumari na rangi, asubuhi hadi jioni.

"Mama Kimya, basi liko nje. Wenyeji wanatusubiri tangu saa ngapi sijui. Twende."

"Twende wapi? Mwanangu yuko ndani."

"Mambo yake yatashughulikiwa. Nitapiga simu."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani, Mwenyekiti? Unamjua nani huku?"

Mwenyekiti akashusha sauti. Harufu ya marashi yake ilimfikia Mama Kimya kabla ya maneno. "Sikiliza. Hawa wanatafuta sababu. Waliingia watu hapa kwa jina la ngoma, hawakucheza hata hatua moja. Ukianza kupayuka hapa, watatugeuza sote. Mtoto mmoja akirudi nyumbani, amerudi nyumbani. Ni hasara hiyo?"

"Na muhuri?"

"Muhuri ni wino."

"Basi agongwe mpwa wako."

Yalimtoka tu. Mwenyekiti akatazama kulia na kushoto, kisha akatabasamu kwa meno bila macho. "Mama Kimya. Baba Kimya ana watu anaowalisha pale nyumbani, au sivyo? Nani anamlisha yeye? Fikiri, halafu utanikuta kwenye basi."

Mpwa alikuwa kando yao, kijana mrefu ambaye ndevu zilikuwa hazijaamua kama ziote. Yeye ndiye aliyetangulia kuitwa chumbani. Aliimba wimbo wote, Amkeni jirani tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti tamu inayopanda na kushuka, na maafisa walimpigia makofi. Kijana akatoka amelowa jasho, utepe wa kijani umemkaa vizuri shingoni.

"Mjomba, naenda msalani," akasema.

"Nenda," Mwenyekiti alisema, bila kumtazama.

Mama Kimya akamsindikiza kwa macho. Alikuwa na haraka ya mtu asiyekwenda msalani.

* * *

Alijua. Wote wa nyumba yake walijua, na hapo ndipo roho ilipomuuma.

Wiki chache kabla ya safari Mpwa alikuja kupimwa sare. Mazoezini alikuwa hana siku nyingi. Aliwekwa ubaoni na sauti ya tatu, na kila mara masikio yake yalimtoroka akajikuta yuko na wanawake wa dirishani, anaimba ya kwanza, kwa kuwa ndiyo aliyoikariri kwenye simu. Mwalimu alimfagilisha darasa hadi likang'aa, kisha akaambiwa na Mwenyekiti amwache, naye akamwacha. Kuanzia hapo kijana alichezesha midomo tu.

Siku ile alisimama mbele ya kioo, mikono imenyooka, Mama Kimya amepiga magoti anampima mguu wa suruali, na pini mdomoni.

"Mama, usihangaike na pindo," kijana alisema. "Nitaivaa siku moja tu."

Mama Kimya akatoa pini mdomoni. "Siku moja? Tunakwenda wiki nzima."

Kijana akacheka, akajikuna shingo. "Nimetania."

Hakutania. Suruali ile Mama Kimya hakuipinda. Aliipiga bandi, mishono mirefu mirefu ya kushikizia tu, inayofumuka kwa kuvutwa. Wakati wa kula alimweleza mumewe.

"Anakwenda kupotelea huko," alisema.

"Wewe umeambiwa?"

"Sikuhitaji kuambiwa."

"Basi hujaambiwa." Baba Kimya aliosha mikono polepole. "Nafasi za safari anagawa nani? Na duka ni la nani? Shona, mke wangu. Wewe ni fundi, wewe si polisi."

Akashona. Wenye watoto mnajua jinsi mtu anavyoweza kunyamaza kwa ajili ya mtoto wake akajiona amefanya la maana.

* * *

Simu ikatetemeka mkobani. Alikuwa Baba Kimya.

"Mwenyekiti amenipigia," alisema bila salamu. "Anasema unataka kuwachongea."

"Sijasema neno."

"Usilitafute. Mama Kimya, nakuomba. Akinifungia duka kesho tunakula nini? Mtoto atarudi, tutampokea. Hatakuwa wa kwanza."

"Atarudi na jina la mwongo."

Nyuma ya mumewe alisikia mteja akiuliza bei ya rangi nyeupe. "Subiri, mzee," Baba Kimya alimwambia mteja, kisha kwa sauti nyingine kabisa: "Anasemaje mwenyewe?"

"Hasemi. Unamjua mwanao. Ameimba sauti yake tu."

"Hiyo ya mm-mm?"

"Hiyo."

"Aibu hii," alisema Baba Kimya, na mkewe hakujua kama alikuwa anacheka au analia. Simu ikakatika.

Akageuka kuelekea viti. Wenzake walikuwa wanainuka mmojammoja, wanaburuta mabegi kuelekea mlango wa nje. Mwalimu ndiye aliyesita. Alisimama na chanuo lake mkononi akilizungusha.

"Mwalimu, waambie," alisema Mama Kimya. "Wewe ndiye uliyemfundisha. Waambie hiyo ndiyo sauti ya pili."

"Nimewaambia. Wakaniuliza mimi kazi yangu nini. Nikasema kinyozi." Akatazama chini. "Wakaniuliza kinyozi na muziki wapi na wapi."

"Ukajibu nini?"

"Ningejibu nini, mama?" Naye akaufuata msururu.

Ukumbi ukabaki mtupu. Mama Kimya akajikaza, akauvuka mstari wa njano, akagonga mlango.

* * *

Walimpekua mkoba kwanza. Mkasi wake ulikwisha kunyang'anywa kule walikotoka, zikabaki nyuzi, futi ya kupimia, na soksi aliyoitia viraka akidhani hakuna atakayeiona. Afisa kijana aliiinua kwa vidole viwili, akairudisha. Kimya alikuwa kwenye kiti, magoti yamebanana, ameangalia chini.

"Bibi afisa anauliza," alisema mkalimani, "kwa nini ulikuwa unamfundisha kwa midomo?"

"Sikuwa namfundisha. Nilikuwa namwomba adanganye."

Mkalimani akasita. "Nitafsiri hivyohivyo?"

"Tafsiri. Sauti yake anaijua. Nilitaka aimbe isiyo yake ili nyie mfurahi. Amekataa."

Maneno yakageuzwa. Afisa mkubwa akaweka kalamu chini kwa mara ya kwanza.

"Eleza."

Mama Kimya akaeleza. Alieleza kona za darasa, na chanuo, na ufagio. Akasema wimbo wao una vipande vinne kama nguo inavyokuwa na vipande, na hakuna anayevaa mgongo peke yake akatoka nje. Akasema yeye ni wa kwanza, mwanawe wa pili, na kama wanaruhusu, waimbe pamoja sasa hivi wasikie.

Afisa akakubali kwa kichwa. Mama Kimya akaanza, sauti imemkauka, Amkeni jirani, kumekucha. Kimya hakuinua uso, lakini alipofika mahali pake akaingia. "Mm, mm, twende." Na pale chumbani, chini ya taa ile mbaya, zile mm zilizochekwa zikaushika wimbo kwa chini kama mikono inayobeba kapu. Afisa kijana akajitoa ukutani.

Afisa mkubwa aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole kwenye kola ya Kimya.

"Na huu utepe?"

"Bluu ni sauti ya pili," alisema Mama Kimya, na akasahau kuogopa, kwa kuwa hapo alikuwa kwake. "Mimi huu mweupe, ya kwanza. Nimeshona mwenyewe, kila sauti na rangi yake. Hata kiziwi anajua nani anaimba nini."

Mkalimani akatafsiri. Afisa akagonga meza kwa kucha. Halafu akauliza jambo fupi, taratibu, na mkalimani akamgeukia Mama Kimya na uso uliobadilika.

"Anauliza, kijani ni ya ngapi?"

Mama Kimya akaigusa kola yake.

"Kuna kijana aliimba vizuri sana," mkalimani aliendelea. "Aliimba kama ulivyoimba wewe sasa, wimbo mzima. Kola yake ilikuwa kijani. Kijani ni sauti ya ngapi, mama?"

Angeweza kusema kijani nayo ni ya kwanza, ila upande wa wanaume. Lilikuwa neno jepesi, lilikwisha kufika ulimini. Aliliona duka, kufuli mpya mlangoni, mumewe amekaa barazani saa za kazi. Aliwaona wenzake kwenye basi, mabegi yamepakiwa, wanacheka. Akamwona pia Mpwa akienda msalani kwa haraka ile. Alimwona Kimya. Binti alikuwa ameinua uso sasa, anamtazama, na Mama Kimya akatambua kwamba yeye asipojibu, huyu atajibu. Huyu hajui kuimba ya jirani.

Afadhali litoke kwangu, alijiambia.

"Ya tatu."

"Na sauti ya tatu ndiyo inayobeba wimbo?"

"Hapana. Ya tatu nayo inasema twende."

Afisa alikuwa amekwisha kuinuka. Mkalimani hakuhitaji kutafsiri.

* * *

Waliikuta sare msalani, imekunjwa vizuri juu ya sinki, kama anavyokunja mtoto aliyelelewa akaleleka. Kijana mwenyewe hakuwepo; ndani ya sare alikuwa amevaa nguo nyingine. Kwenye mguu mmoja wa suruali bandi ilikuwa imefumuka, uzi umening'inia mpaka sakafuni.

Basi lilikuwa halijaondoka. Wakashushwa wote, wakarudishwa kwenye viti vya chuma, na maneno yakaanza kuruka kama mafuta kikaangoni. Mwenyekiti alisema yeye hana habari, kijana alimwomba nafasi kama mtu mwingine yeyote. Akaambiwa aseme hayo chumbani. Alipopita mbele ya Mama Kimya hakumtishia tena. Alimtazama tu kama anayetaka kumkariri.

Afisa mkubwa akawataka wasimame waimbe. Mwalimu hakuwa na dawati, akagonga chanuo kwenye mgongo wa kiti. Waliimba kwa woga, wamevimbiana, wengine wanafuta macho. Lakini vidole vilipogonga na zamu ikafika, kila mmoja akaenda kwenye sauti yake kama mtu anavyojua mlango wa kwake gizani. Mfagiaji wa ukumbi alisimamisha ndoo. Wimbo ulipoisha hakuna aliyepiga makofi.

"Ni kweli anaimba," alisema afisa, na mkalimani akatafsiri kwa sauti ambayo wote walisikia. "Nilikosea juu ya binti. Hatagongwa muhuri." Mama Kimya akafumba macho. "Lakini ruhusa ilikuwa ya kundi. Mmoja akipotea, kundi linarudi. Alasiri."

Hiyo ndiyo ikawa ziara yao. Nyuma ya ukuta wa kioo walionekana wenyeji wao wamebeba maua na kitambaa kilichochorwa watu wanaoimba, wanapunga, hawajui lolote. Kimya akasogea hadi kwenye kioo. Akasema ile salamu yao aliyojifunza bafuni, polepole, neno kwa neno. Hawakumsikia. Bibi mmoja aliona midomo yake, akaweka kiganja kifuani.

Ndegeni hakuna aliyetaka kukaa nao. Jirani wa Mama Kimya katika sauti ya kwanza, ambaye walitumia pamoja kitabu cha nyimbo tangu kwaya ianze, alipita kuelekea nyuma akainama sikioni.

"Ungenyamaza siku moja tu, Mama Kimya. Siku moja tu."

Mama Kimya alikuwa na mfuko mapajani. Maafisa walimpa sare ya Mpwa kwa kuwa yeye ndiye fundi, na hakujua aipeleke wapi.

* * *

Mwenyekiti, aliyezuiliwa kule kwa maswali, alirudi baada ya siku kadhaa, amekonda mashavu, mdomo uleule. Duka likapata kufuli mpya na muuzaji mpya. Baba Kimya sasa alikuwa nyumbani, anatengeneza miguu ya meza ambayo haikuwa mibovu.

"Ningekuwa mimi ningenyamaza," alisema siku moja akiwa amempa mkewe mgongo. Akapiga msumari. "Na mtoto angerudi na muhuri. Sijui. Mimi sijui, Mama Kimya."

"Na mimi sijui."

Wateja walipungua. Waliokuja walitupa nguo mezani, wakaulizia siku, wakaondoka bila kuketi. Kwa hiyo mwanamke aliyebisha hodi mchana ule na kwenda moja kwa moja kukaa kwenye benchi alimshtua. Alikuwa dada yake Mwenyekiti, mfua nguo za watu, mikono imepasukapasuka kwa sabuni. Mama yake Mpwa.

"Karibu, dada," alisema Mama Kimya, akisimama.

"Nimekaribia. Nasikia una nguo ya mwanangu."

"Ninayo. Amepiga simu?"

"Ilipigwa simu mara moja. Si yeye. Mwanamume ananiambia kijana wako yuko kwetu, tuma hela iliyobaki. Nikamuuliza, iliyobaki ya nini? Akakata. Nikipiga haipatikani." Aliyasema haya kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kuyasema kwa ukuta. "Kaka yangu anasema kuna mtu alimpokea, kazi ipo, nisiwe na wasiwasi. Huyo mtu jina lake nani? Hajui."

Kimya alikuwa pembeni anapachika vifungo. Mkono ukasimama.

"Mimi nilijua anakwenda kuimba," mwanamke aliendelea. "Alikuwa anaimba jikoni kwangu, wimbo wote, Amkeni jirani, mpaka namwambia punguza sauti watu wamelala. Nikawaambia wenzangu kisimani, mwanangu kweli ni mwanakwaya. Anaimba hivyo, halafu niwaze jingine?"

Mama Kimya akaenda chumbani. Akaleta mfuko. Mwanamke akaitoa sare, akaikunjua magotini. Akainusa kola. Kisha mikono yake, mikono iliyozoea kugeuza nguo za watu ndani nje, ikashuka yenyewe hadi chini ya suruali, ikagusa uzi ulioning'inia.

"Hukuipinda."

"Aliniambia nisihangaike na pindo."

"Kwa nini?"

Cherehani ilikuwa kati yao. Mama Kimya akaweka kiganja juu ya gurudumu lake, ingawa halikuwa likizunguka.

"Alisema ataivaa siku moja tu."

Mwanamke akauzungusha ule uzi kidoleni. Nje Baba Kimya aliacha kugonga msumari.

"Alikuambia lini?"

"Alipokuja kupimwa."

"Kabla ya safari."

"Kabla."

"Na wewe ukaelewa."

"Nilielewa, dada."

"Na kwangu unapajua."

"Napajua."

Hakupiga kelele. Hakutukana. Mama Kimya angeshukuru kama angetukanwa. Mwanamke alijifuta uso na ncha ya khanga, akaikunja sare nusu, akaiweka juu ya meza ya cherehani, mbele ya sindano.

"Ipinde," alisema.

Mama Kimya akakaa. Akatafuta uzi wa kahawia, akaukata kwa meno, akajaribu kuutia kwenye tundu la sindano. Ukagoma. Akajaribu tena, ukagoma. Kimya akaja bila kuitwa, akauchukua uzi, akautia, akarudi kwenye vifungo vyake. Mama Kimya akaing'oa ile bandi yote, akanyoosha kitambaa, akakunja mara moja kisha ya pili, akashusha mguu wa cherehani.

"Usikunje karibu hivyo," mwanamke alisema kutoka kwenye benchi. "Acha nguo ya ziada kwa ndani. Bado anarefuka."